Marubani wa Uji wa Wimbi

Kitu cha kwanza ambacho Namalwa alikiona ni ukungu. Alikuwa akipangusa vumbi juu ya kabati la tivii, kama alivyofanya kila asubuhi Elsie akishaondoka na basi la shule, akaona kioo cha ndege moja kati ya zile za foamu zilizopangwa pale kimeingia ukungu. Kioo chenyewe hakikuwa kioo. Kilikuwa karatasi iliyotiwa rangi ya samawati na printa, na nyuma ya ile samawati printa ilikuwa imechora rubani mwenye kofia ya ngozi. Namalwa akakifuta kwa kitambaa. Ukungu haukutoka kwa sababu ulikuwa upande wa ndani. Akasimama kidogo akautazama unavyopungua na kuongezeka, unavyopungua na kuongezeka, kama dirisha la chumba alicholala mtu. Kisha akamaliza kabati, akaingia jikoni kuosha vyombo.

Hakumwambia mtu. Namalwa alikuwa msichana wa kunyamaza hata pale alipoulizwa jambo analolijua, na hili hakuulizwa.

Hiyo ilikuwa Noonkopir, pale Kitengela, mwaka 2004, katika ploti ya Mzee Kasaine. Nyumba waliipanga Makokha na mkewe Apondi. Makokha alikuwa karani wa stoo ya vipuri katika kampuni moja ya mashine Nairobi. Apondi alikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi, na Elsie alikuwa mtoto wao wa pekee. Namalwa alimwita Makokha mjomba, kwa kuwa yeye na mama yake Namalwa walikuwa watoto wa ndugu wawili. Makokha ndiye aliyemtoa kijijini kwao Chwele akiwa darasa la sita ili aje amshike Elsie mchanga. Siku ile aliahidi, mbele ya watu wote waliokuwa wamekaa uani wakila kuku, kwamba Elsie akianza kutembea Namalwa atarudi shule.

Elsie alianza kutembea. Ikasemwa ngoja aache nepi. Akaacha nepi. Ikasemwa ngoja aingie nasari. Sasa Elsie alikuwa darasa la pili na alikuwa akimsahihisha Namalwa Kiingereza wakati wa kusukwa nywele. Ahadi haikuvunjwa hata siku moja. Ilisogezwa tu, kama kiti kinavyosogezwa mtu akitaka kupiga deki.

Mambo ya ndege yalianzia kwenye foamu, ile nyeupe ngumu inayopangwa ndani ya katoni mashine zisivunjike njiani. Kule stoo ilikuwa ikitupwa. Makokha akaanza kuibeba nyumbani, na watu wa steji ya Kitengela wakimwona anashuka na vipande vikubwa begani walifikiri amenunua friji. Alivikata kwa waya mwembamba uliopashwa moto na betri ya gari, akavisugua kwa msasa pale barazani mpaka vikapata umbo la ndege ya vita. Unga wa foamu ulipeperuka ploti nzima ukashika nguo za Mama Nduta, jirani yao, naye alizikung'uta bila kulalamika, kwa maana mtoto wake naye aliwasumbua wenzake kwa kupiga ngoma ya kanisa.

Kisha ndege ilivishwa ngozi. Ngozi ilikuwa karatasi. Makokha alizipata picha kwenye mtandao, akazichapisha kwa rangi pale saiba, duka la intaneti: bawa la kushoto, bawa la kulia, tumbo, mkia, zote zikiwa na alama za ribiti zinazoshika mabati na madoa ya oili na matundu ya risasi, ili mtu akiiona aamini ndege imepigana. Alipenda ndege za vita kwa vile babu yake alichukuliwa kwenda kupigana Burma, akarudi na blanketi moja na neno moja la Kizungu ambalo hakuna aliyelitambua. Ndege za Waingereza zilikuwa za kijani, za Wajerumani za kijivu. Kazi ya Namalwa ilikuwa kupaka gundi, kulaza karatasi juu ya foamu, na kuipapasa kwa kitambaa chenye unyevu kuanzia katikati kwenda pembeni, isifanye mikunjo. Makokha alisema mkono wake hauna haraka. Hilo ndilo neno zuri zaidi aliloambiwa katika nyumba ile, na alilihifadhi.

Siku moja gundi iliisha, na karatasi ilikuwa imeshakatwa. Makokha akamwambia aangalie jikoni kitu chochote kinachonata. Jikoni palikuwa na uji wa wimbi uliobaki kwenye sufuria ya Elsie, umeshaganda kidogo. Wakapaka huo. Karatasi ikashika kuliko ilivyowahi kushikwa na gundi ya duka, na ile rangi ya wimbi ikapenya mpaka juu, ikawapa marubani sura ya watu wa nyumbani. Tangu hapo ndege zote zilipakwa uji.

Kwao Chwele kila mtu anajua kwamba uji wa wimbi ndio humfungua mtoto kinywa, na kwamba aliyemlisha uji wa kwanza ndiye huitwa mtoto akifanya makosa. Makokha alikuwa amekaa mjini muda mrefu na alikuwa amesahau. Namalwa alikumbuka, lakini wakati huo alikuwa ameshika karatasi iliyolowa, na karatasi iliyolowa haingoji mtu akumbuke vizuri.

Jumapili moja familia ikiwa mezani inakula chapati na ndengu, ndege ya kijani ilitoka juu ya kabati, ikazunguka taa, ikatua kando ya bakuli. Rubani akasukuma kioo. Alikuwa kichwa na kifua peke yake, kwa kuwa picha iliishia hapo, na alikuwa bapa kama stempu. Akawasalimu wote, akianza na Makokha, halafu akauliza kama kuna uji.

Makokha alishusha gazeti. "Kumbe hamjakula?"

"Tangu tuamke," rubani akasema. "Na wale wa kijivu pia, lakini hao hatuongei nao."

Apondi aliweka kijiko chini. "Mimi niko na shida moja tu," akamwambia mumewe. "Watu wanahamia kwa nyumba yangu na hakuna mtu ameniambia. Nyinyi Waluhya mkipewa nafasi ya mkeka mnaleta kijiji."

"Hawa angalau wanakula uji. Wako wakikuja wanauliza samaki iko wapi."

"Wangu wakikuja wanarudi kwao."

Wakati wakiendelea hivyo Namalwa alishainuka kwenda kukoroga unga. Alipika uji mwepesi, akaumwaga kwenye kisosi, na marubani wakashuka wote kunywa. Wa kijani walikaa upande mmoja wa kisosi na wa kijivu upande wa pili. Elsie akauliza kama anaweza kumpeleka mmoja shuleni kuonyesha wenzake. Mama yake akamwambia amalize ndengu kwanza.

Makokha aliwapa majina, kwa sababu mtu hawezi kuishi na watu asiojua kuwaita. Mkubwa wa ndege za kijani alimwita Lennox, na mkubwa wa zile za kijivu akamwita Sydney. Wale wengine waliitikia jina lolote, bora liwe linaambatana na uji.

Shida yao ilikuwa vita. Hawakuwa na kazi nyingine waliyoijua. Kila jioni Elsie akifungua vitabu vyake, wa kijani walipaa kutoka kabatini, wa kijivu wakapaa kutoka juu ya pazia, wakapigana juu ya makochi hadi taarifa ya habari. Risasi zao zilikuwa wino. Namalwa alilowesha vitambaa vya makochi kila asubuhi kuondoa vitone, na wakati mwingine vitone havikutoka. Aliyepigwa alianguka, mara nyingi ndani ya beseni la maji, karatasi yake ikabanduka. Namalwa alimwokota, akamwanika dirishani, akampaka uji upya na kumpapasa kuanzia katikati kwenda pembeni. Akishakauka alifungua macho na kuuliza nani ameshinda. Namalwa alimwambia bado.

Wiki zikapita hivyo. Apondi alizoea kuinamisha kichwa akipita na chai. Makokha, akirudi kazini, alikaa katikati ya vita akiwa ametoa viatu na kusema nyumba sasa iko na maisha. Ni wapangaji wengine walioanza kulalamika kwamba ndege zinatoka nje mchana. Halafu wale wa kijivu wakamkamata beberu wa Mzee Kasaine wakamzuilia nyuma ya tangi la maji mchana kutwa, wakisema ni mateka.

Mzee Kasaine alikuja Jumamosi, fimbo kwapani. Alimkuta Namalwa mlangoni akipiga pasi yunifomu ya Elsie.

"Takwenya," akamwamkia kwa Kimaasai.

"Iko," Namalwa akajibu, kwa sauti ya kusikika na kola ya shati peke yake.

Mzee akaingia, akapewa kiti na chai. Hakuzungumza kuhusu beberu mpaka chai ilipofika nusu. Alieleza kwanza habari ya mvua upande wa Mashuuru, halafu habari ya pundamilia waliovunja ua, halafu ndipo akasema kwamba beberu amerudi lakini hataki tena kwenda mbele ya wenzake, na kwamba beberu wa namna hiyo si wa kumwambia mtu ni wako.

"Hawa vijana yako wanakaa bure," akamalizia. "Hakuna kitu kingine. Wanakaa bure."

Makokha akaomba msamaha kwa niaba ya jeshi la anga la pande zote mbili. Lennox akasema yeye hahusiki. Sydney akasema vita ni vita.

Hapo Apondi akaongea, na aliongea kama mwalimu. "Mimi nimekuwa nikisema. Mtoto hawezi kukaa tu kwa nyumba ya mtu, anakula, analala, na siku hizi shule ni ya bure. Serikali imesema kila mtu. Ukimkalisha mtoto kwa nyumba na shule iko pale, hiyo ni dhambi, si ati ni kosa."

Namalwa aliacha pasi juu ya kola. Aliiinua kabla kitambaa hakijaungua, akageuza upande wa pili.

Mzee Kasaine aliunga mkono. Alisema zamani chifu alikuja manyattani kuchukua mtoto mmoja kwa kila boma, kwa nguvu. Baba yake Kasaine alimficha yule mtoto mwenye akili ya kuchunga, akatoa yule aliyepoteza ng'ombe kila wiki. "Ndio mimi," akasema. "Ndio maana niko na ploti." Akanywa chai. Kisha akaelekeza kidevu mlangoni. "Na huyu?"

Propela iliyokuwa ikizunguka juu ya kabati ilisimama.

"Huyu yuko sawa," Makokha akasema. "Huyu anatusaidia."

"Anawasaidia," Mzee Kasaine akarudia. Alimtazama Namalwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama mnyama wa jirani aliyekonda, ambaye si kazi yake kumlisha. Akashukuru kwa chai, akaondoka.

Ikaamuliwa marubani waende shule ya msingi ya serikali iliyokuwa nyuma ya soko. Apondi alishona mashati mwenyewe na alifurahi sana, kwa maana hayakuhitaji mikono, na kaptula hazikuhitajika kabisa. Siku ya kuandikishwa Makokha alikuwa kazini na Apondi alikuwa darasani kwake, kwa hivyo Namalwa ndiye aliyetumwa. Alitangulia kwa miguu na ndege zikamfuata juu kidogo ya kichwa, wa kijani kulia, wa kijivu kushoto. Njiani watu walimpisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba mayai.

Alikuwa ameandaa sentensi yake mwenyewe ya kumwambia mwalimu mkuu. Alianza kuitunga alipokuwa akifua, akaendelea nayo akichuja chai, na ilikuwa fupi ya kutosha kusemwa kwa pumzi moja. Aliposimama foleni alikuwa bado nayo mdomoni.

Mwalimu mkuu, Bi Wanjira, alikuwa mwanamke mchovu. Tangu shule iwe bure watoto walikuwa wamejaa mpaka wengine walisomea kwenye ngazi. Alitazama ndege zilizotua mezani akauliza swali moja tu: watakaa wapi. Lennox akasema wanaweza kukaa kwenye ukingo wa dirisha. Bi Wanjira akasema hapo wamemsaidia sana, laiti wengine wangekuwa hivyo.

Likabaki jambo la umri. Hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na asiye na cheti hupimwa kwa mkono: unapitisha mkono juu ya kichwa, ukishika sikio la upande wa pili umefika umri wa shule. Bi Wanjira akawaambia washike masikio. Marubani wakatazamana. Printa haikuwachora mikono. Mwalimu akafikiria, akatazama foleni iliyopita mlango mpaka kwenye bendera, akasema mtu asiye na mkono hawezi kusemekana ameshindwa kushika sikio, na akawapitisha.

Namalwa aligundua kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa umepita juu ya kichwa na vidole vimeshika sikio. Akaushusha haraka. Hakuna aliyemwona isipokuwa Sydney.

"Mzazi ni nani?" Bi Wanjira akauliza.

Ndege zote zikageuza pua kumwelekea Namalwa.

"Mimi ni wa nyumba tu," akasema.

Bi Wanjira akanusa harufu ya wimbi mezani. "Nani aliwalisha uji?"

"Mimi."

"Basi usinizungushe, mama. Jina la mtoto wa kwanza?"

"Lennox."

"Sawa, Mama Lennox. Mkutano wa wazazi tutakutumia habari na watoto."

Ile sentensi ilikuwa bado pale, lakini sasa ilikuwa sentensi ya mtoto mdomoni mwa mzazi, na Namalwa hakuona jinsi ya kuitoa. Nyuma yake mwanamke mwenye mapacha alikuwa akimsukuma kwa tumbo. Akaimeza. Marubani walipimwa kusoma, wakasoma maandishi yote ya mabawani mwao bila kukwama, hata yale ya Kijerumani, wakapelekwa darasa la sita.

Nyumbani Makokha alisikiliza habari hizo akiwa amesimama. Alifurahi hivi kwamba alitoka kwenda kumwambia Mama Nduta, akarudi, akamwona Namalwa akipanga viatu vya Elsie. "Na wewe hatujakusahau," akamwambia. "Wacha hawa wazoee kwanza."

Walizoea. Wa kijani na wa kijivu walikalishwa madirisha tofauti na vita vikapungua, vikabaki vya wakati wa michezo. Waliandika kwa kufungiwa mirija ya kalamu chini ya matumbo na kuruka chinichini juu ya daftari, mstari kwa mstari, na mwandiko wao ulilalia mashariki kwa sababu ya upepo. Jioni Namalwa aliwavua mashati, akayafua kwenye kikombe, akayaanika kwenye uzi. Walipotakiwa kuleta sahihi ya mzazi walimletea yeye. Alitia sahihi pole pole, kila herufi ikisimama wima.

"Kumbe unaandika," Sydney akamwambia siku moja.

"Kidogo."

"Mbona hukai dirishani na sisi?"

"Nani atapika uji," Namalwa akasema, na Sydney akaona hilo ni jibu.

Wakati mwingine alikaa nao walipokuwa wakifanya kazi ya nyumbani. Alikuta hesabu zimefika pale pale alipoziacha, sehemu ya asilimia, kana kwamba zilikuwa zimesimama zikimngoja, na sasa zinaondoka na watu wengine. Hakuwakaripia. Aliwapangusa wino kwenye mabawa na kuwaambia walale.

Mwisho wa mwaka walipita mtihani. Makokha alichinja kuku, na Mzee Kasaine akaalikwa, akala paja na kusema beberu wake pia ameanza kupata nguvu. Apondi alisema hadharani kwamba ameona vijana wengi wakiokolewa na shule lakini hajawahi kuona wengine waliookolewa namna hii. Makokha akataja kwamba ameona picha ya ndege kubwa ya mabomu kwenye mtandao, inayobeba watu wengi, na kwamba Namalwa aweke unga wa wimbi wa kutosha. Namalwa aliweka.

Shule zilipofunguliwa Januari upepo ulikuwa mkali. Upepo wa Kitengela hautoki mahali, unakuwa tu, na foamu haina uzito wa kubishana nao. Namalwa akawapanga marubani ndani ya kiondo, wa kijani na wa kijivu pamoja, akawafunika kwa karatasi ya nailoni, akawabeba hadi shuleni. Mashati yao yalikuwa mapya.

Bi Wanjira alikuwa getini mwenyewe akipokea watoto. Alichukua kiondo akachungulia ndani.

"Hawa sasa ni darasa la saba," akasema. "Umefanya kazi, Mama Lennox. Kuna mwingine?"

"Hapana, mwalimu," Namalwa akasema. "Ni hao tu."

Bi Wanjira akaingia na kiondo. Askari wa geti, mzee aliyeitwa Ndulu, akavuta geti likajifunga, akamwambia kupitia upenyo kwamba watoto watatoka jioni, na akaenda kutafuta mahali pa kukinga redio yake na upepo. Kengele ikalia. Namalwa alisikia viti vikivutwa, halafu darasa moja likisimama kumsalimu mwalimu, halafu likikaa. Vumbi lilimpita usoni. Nyumbani kulikuwa na vyombo vya asubuhi, na sufuria ya uji uliokuwa umeanza kuganda, na foamu ya ile ndege ya mabomu iliyoegemea ukuta wa barazani.

Hakuondoka. Alisogea mpaka paji la uso likakaribia kugusa mabati ya geti.

"Kuna mwingine," akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Niko hapa. Naitwa Namalwa. Niliachia darasa la sita, na nataka kumaliza."